Gwenda Hakwenda Melbourne

Siku hizi mabwawa ya mashindano yana vibendera vilivyotundikwa juu ya maji, mita chache kabla ya ukuta, ili anayeogelea chali ajue amekaribia kufika. Bwawa letu la Bellarong halikuwa na vibendera. Lilikuwa na mimi.

Nilisimama pale mwisho, miguu peku juu ya mwamba, na Gwenda Prosser alipokuja kwa kasi, uso juu, hajui anakokwenda, nilipaza sauti: "Mbili!" Maana yake umebakiza kupiga mikono miwili, kisha ukuta. Nikichelewa anagonga kichwa. Nilichelewa mara tatu katika miaka saba, na mara zote tatu alitoka majini akanikimbiza mpaka kwenye vibanda vya kubadilishia nguo.

"Nola Tregear! Leo nakuzamisha mwenyewe!"

"Utamwambia nini mama yangu?"

"Nitamwambia ulikuwa umelala kazini!"

Tulizaliwa mtaa mmoja, mwaka mmoja, na baba zetu walishuka mgodini zamu moja. Bwawa lenyewe walilichonga wao kwenye mwamba wa ufukweni, mwaka wa ule mgomo mrefu, kwa nyundo na baruti iliyotoka mgodini bila mtu kuuliza imetokaje. Kuta zake zilikuwa na magamba ya chaza yanayochuna ngozi. Bahari ikichafuka, mawimbi yalivuka ukuta yakamwaga mwani na kaa ndani, na sisi hatukusimama, kwa sababu Mzee Maddern hakuturuhusu kusimama.

Mzee Maddern ndiye aliyemfundisha Gwenda. Alikuwa ameacha mgodi baada ya vumbi la makaa kumjaa kifuani, na akikohoa ulimsikia kutoka barabarani. Huyu mzee hakujua kuogelea. Nasema kweli. Hakuwahi kuingia maji yaliyompita magoti. Ila alikuwa na jicho. Alitembea ukingoni sambamba na Gwenda, fimbo ya ufagio mkononi, na kila kiuno cha Gwenda kilipozama alimchoma nayo.

"Inua kiuno, binti! Umekaa majini kama umekaa kwenye kochi!"

"Si uingie wewe utuoneshe, Mzee!"

"Nikiingia mimi, nani atakuvuta wewe ukizama?"

Gwenda alifanya kazi kwenye duka la nyama la Hodge, nyuma ya kaunta, kofia nyeupe kichwani. Wakati wa baridi, mwezi wa saba maji yakiwa yanauma mpaka mifupa, alijipaka mafuta ya kondoo mwili mzima kabla ya kuingia. Aliyapata dukani kwa Hodge. Harufu haikumtoka hata kwa sabuni, na asubuhi tulipopita kituo cha treni vijana walioenda zamu walishika pua.

"Jamani, chakula cha Jumapili hicho kinapita!"

"Na wewe hualikwi," Gwenda aliwajibu, wala hakugeuza shingo.

Nikikumbuka miaka ile, kinachonijia kwanza ni ile harufu. Medali inakuja baadaye. Mafuta ya kondoo, chumvi, na chai ya Mzee Maddern iliyochemshwa kwenye kopo la biskuti, tunaigombania kwa zamu huku tunatetemeka, na jua ndiyo kwanza linatoka.

Mwaka 1952 Gwenda alikwenda Helsinki. Mimi sikwenda, nani angenipeleka? Ndege ilitua hapa na pale siku nne ndiyo ikafika. Tulipata habari alfajiri, kwa redio, sote tumejazana jikoni kwa akina Prosser, na mama yake Gwenda amejifunika aproni usoni hataki kusikia. Mtangazaji alipotaja jina la Prosser na neno dhahabu, mtu alikimbia mgodini, na king'ora cha mgodi kikalia. King'ora kile kililia siku za ajali tu. Wanawake wa upande wa juu walitoka nje wakipiga mayowe, wakidhani wamefiwa, mpaka walipokutana na kina Prosser wanacheza ngoma barabarani.

Aliporudi nilimuuliza kuhusu lile shindano. Akanionesha kidole chake cha kati cha mkono wa kulia. Kilikuwa kimepinda.

"Hukuwepo wa kunipigia kelele," alisema. "Basi nikahesabu mikono. Nikahesabu vibaya. Nilidhani umebaki mmoja, kumbe ukuta ndio huo. Nimeupiga kwa nguvu zangu zote, kidole kikavunjika."

"Ukashinda na kidole kimevunjika?"

"Nimeshinda kwa sababu hiyo, we Nola. Ningehesabu sawasawa ningepunguza mwendo. Yule wa pili alinikaribia hivi." Akanionesha upana wa ukucha.

Jumatatu alirudi dukani. Bwana Hodge aliiomba medali akaiweka dirishani kati ya soseji na ulimi wa ng'ombe, na kwa wiki mbili watu wa mpaka miji ya jirani walikuja kununua nyama wasiyoihitaji. Yalikuwa majira mazuri yale. Nadhani hatukujua ni mazuri kiasi gani.

Nyuma ya ufuko wetu mto unakwama kabla ya kuingia baharini, ukafanya ziwa dogo lenye maji ya rangi ya chai. Watoto walipapenda kwa sababu hapana mawimbi. Januari ya 1953, siku ya joto kali, mtoto aitwaye Spiru Zammit alizama pale. Alikuwa na miaka tisa. Familia yake ilitoka Malta miaka miwili nyuma, na baba yake alichimba makaa pamoja na kaka yangu. Watoto wenzake hawakukimbilia polisi wala hospitali. Walikimbia mpaka dukani kwa Hodge, wakasema, "Gwenda! Njoo, wewe bingwa!"

Alikwenda na aproni yake, mbio, mimi nyuma yake. Alipiga mbizi mara tatu. Mara ya tatu alitoka naye. Tulimlaza kwenye nyasi, tukafanya yote tuliyofundishwa, tukaendelea hata baada ya daktari kufika na kutuambia basi. Mama yake alikuja akitembea. Hakukimbia. Nadhani alikuwa ameshaelewa tangu mbali. Alipiga magoti akaanza kumfunga mtoto vifungo vya shati.

Kesho yake tulipokutana bwawani hakuingia majini. Alikaa ukutani.

"Nimepima kwa macho," alisema. "Kutoka alipokuwa mpaka ukingoni hazifiki mita tano. Mita tano, Nola. Mimi nimepanda ndege siku nne kwenda kuogelea mita mia."

Mzee Maddern alikuja na fimbo yake, akamtazama, akaenda zake.

Jumapili iliyofuata Gwenda alisimama mlangoni mwa kanisa, kisha mlangoni mwa kanisa la pili, akawaambia wazazi waliotoka ibadani kwamba kila mtoto wa Bellarong aje bwawani Jumamosi saa tatu. Walikuja sitini. Nusu walikuwa Waitalia, Waholanzi na Wamalta, ila msifikiri wetu walikuwa bora. Watoto wa wachimbaji, wamezaliwa futi mia mbili kutoka baharini, na wengi hawakuweza kuelea. Gwenda aliwapanga mistari sita. Mimi alinipa mstari wa wanaolia.

Tangu hapo ilikuwa hivyo: alfajiri mazoezi yake, mchana nyama, alasiri na Jumamosi watoto. Alikuwa mwalimu mkali. Alimwita kila mtoto kwa kosa lake. Mmoja alikuwa "Miguu", mwingine "Kidevu", mwingine "Acha Kunywa". Walimpenda kupita kiasi.

Mama Zammit hakuonekana ufukweni mwaka mzima. Kisha asubuhi moja akaja, nguo nyeusi mpaka shingoni, amemshika mkono binti yake Carmena wa miaka sita.

"Huyu," alimwambia Gwenda. "Mfundishe."

"Nitamfundisha, mama."

"Mimi sitaangalia. Mimi nitakaa pale."

Akaenda kwenye benchi lililo chini ya jabali, akakaa ameyapa maji mgongo, rozari mkononi. Midomo yake ilicheza saa nzima. Alifanya hivyo kila Jumamosi, jua na mvua, karibu miaka miwili. Carmena akivuka bwawa, mimi nilikuwa naenda kumwambia, "Amefika, mama." Aliitikia kwa kichwa bila kugeuka.

Wakati huo habari ilikuwa moja tu nchini: Olimpiki inakuja kwetu, Melbourne, mwishoni mwa 1956. Gwenda alikuwa ameshatwaa ubingwa wa nchi mara mbili tena. Kila aliyeingia dukani alimwambia, "Safari hii nyumbani, Gwen! Tutakuja na treni nzima!" Mgodi ulianza kuandikisha majina ya watakaosafiri. Baba yake alinunua kofia mpya.

Krismasi ya 1955 akina mama walimwita Gwenda bwawani. Walikuwa kama arobaini, kila mmoja na sahani ya kitu chake. Katikati yao ilisimama baiskeli mpya, nyekundu, yenye kikapu mbele. Mama Zammit ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kuichangisha. Alikuwa amegundua kwamba Gwenda hutembea maili mbili kila alfajiri kuja na maili mbili kurudi.

"Mwalimu asitembee," alisema. Hotuba yake yote ilikuwa hiyo.

Gwenda aliipanda pale pale akauzunguka uwanja, amevaa kofia yake ya dukani, watoto sitini wanamfukuza kwa kelele. Kijana wa gazeti la wilaya akapiga picha. Ilitoka ukurasa wa tatu: akina mama wamzawadia mwalimu wao wa kuogelea.

Hilo neno, mwalimu, na hilo lingine, zawadi, ndiyo yaliyomleta Bwana Fairweather.

Alikuja Februari kwa treni kutoka Sydney, suti ya kijivu, mkoba wa ngozi. Alitumwa na chama cha kuogelea. Alikaa jikoni kwa akina Prosser akanywa chai na kula vipande viwili vya keki, na nitasema haki yake: hakuwa mtu mbaya. Hakufurahia kazi yake siku ile. Tulikuwa Gwenda, mama yake, Mzee Maddern na mimi.

"Binti Prosser," alisema, "Olimpiki ni ya wachezaji wa ridhaa. Unajua hilo. Anayefundisha kuogelea akapokea kitu, huyo ni mchezaji wa kulipwa. Sikuandika sheria mimi."

"Sijalipwa hata senti."

"Baiskeli ni malipo."

"Ni shukrani!"

"Kwa mujibu wa sheria ni kitu chenye thamani."

Gwenda akafikiri. "Na soseji?"

"Soseji zipi?"

"Bwana Hodge hunipa soseji Ijumaa."

Bwana Fairweather akaitazama keki yake. "Hilo sijalisikia," alisema.

Kisha akaeleza. Chama kilitaka kumsaidia, kila mtu alimtaka Melbourne. Airudishe baiskeli kwa waliompa. Asimame kufundisha mpaka michezo iishe. Aandike barua kuthibitisha yote mawili, atie sahihi, na jambo lingekwisha. Alimpa wiki mbili.

Alipotoka tu, Mzee Maddern alipiga fimbo sakafuni. "Irudishe leo! Miezi kumi, binti, miezi kumi tu! Watoto hawakimbii. Melbourne haitarudi!"

Mama yake Gwenda akasema, "Mzee Maddern anasema kweli, mwanangu."

Gwenda akasema haya, ataenda. Nami nilimwona yuko tayari kabisa. Msije mkadhani alikuwa mtakatifu. Aliitaka Melbourne kwa meno.

Tulikwenda wawili Jumapili alasiri. Akina Zammit waliishi juu kabisa, nyuma ya reli, kwenye nyumba ya mabati waliyoijenga wenyewe. Tuliisukuma baiskeli mlima mzima, na njiani Gwenda alijifunza maneno. "Mama Zammit, samahani sana, ni sheria tu. Baada ya michezo nitaichukua tena. Mama Zammit, samahani sana..."

Mama Zammit alikuwa nje akianika nguo. Alipotuona aliangusha shuka zote kwenye kapu. Hakuwahi kutembelewa na mtu wa Bellarong asiye Mmalta, sikulijua hilo mpaka siku ile. Alidhani tumekuja kumwamkia.

Alitukalisha. Alitandika kitambaa cha mezani kilichokuwa bado na mikunjo ya sandukuni. Alileta vitumbua vyao vya jibini, vya moto, vinavyobomoka mdomoni, na kahawa iliyotiwa karafuu. Mume wake akaamshwa usingizini akaja amevaa tai. Carmena aliletwa atuoneshe jinsi anavyopiga miguu, akalala kifudifudi juu ya kigoda akapiga miguu hewani, na Gwenda akamwambia, "Nyoosha vidole," kwa mazoea.

Kisha Mama Zammit akatoka nje, na kupitia dirishani tukamwona ameshika kitambaa. Alikuwa anaifuta baiskeli. Tope la mlimani lilikuwa limeshika rimu, naye aliliondoa polepole, spoku moja baada ya nyingine, kama mtu anayemfuta mtoto masikio. Aliporudi ndani alimshika Gwenda mkono, kile chenye kidole kilichopinda, akasema kwa lugha yetu aliyojifunzia sokoni:

"Mimi nilisema, nchi hii imechukua tu. Sasa nimeipa kitu. Sasa mimi mtu wa hapa."

Gwenda akafungua mdomo. Nilimtazama. Akaufunga. Akachukua kitumbua cha nne.

Tuliondoka na baiskeli yetu. Hatukuipanda, tuliisukuma tena, na pale juu ambapo barabara inapinda na bahari yote inaonekana, Gwenda alikaa kwenye majani.

"Sasa?" nilimuuliza.

"Sasa hivyo."

"Unaweza kumwandikia barua. Au nikamwambie mimi. Mimi naweza, Gwen, sina aibu."

"Najua huna aibu." Akacheka kidogo. Kisha akasema, "Nola. Ile saa."

Macho ya Mzee Maddern yalikuwa yameanza kufifia mwaka uliotangulia, na mimi ndiye niliyeshika saa ya kupimia mwendo. Nikajifanya sielewi.

"Saa gani?"

"Tangu Septemba unamsomea Mzee nusu sekunde pungufu. Unadhani sijui? Najua mwili wangu. Nimechoka, Nola. Mazoezi alfajiri, nyama mchana, watoto alasiri. Simkaribii yule Gwenda wa Helsinki."

Nililia. Ndiyo, nilikuwa nafanya hivyo. Nilianza siku moja alipokuwa na mafua, nikasema kesho atapata muda wake, na kesho haikuja, nami sikuweza kuacha.

"Ukiacha watoto sasa hivi utaurudisha mwendo wako," nilisema. "Miezi kumi inatosha."

"Labda inatosha. Hilo ndilo linaloniuma, labda inatosha." Akang'oa jani akalitafuna. "Na kama nikiacha, nikaenda, nikashindwa mbele ya watu wote hawa? Mgodi mzima uko pale na kofia zao. Nikirudi nitamtazamaje yule mama?"

Sijui ni lipi lililomzuia zaidi, mama yule au woga. Miaka yote nimejaribu kuvipima na sijaweza. Na yeye hakujifanya anajua.

Barua hakuiandika. Wiki mbili zikapita, kisha chama kikaandika yake, karatasi nene yenye nembo: kuanzia tarehe ile Gwenda Prosser si mchezaji wa ridhaa, na haruhusiwi kushindana popote. Baba yake aliisoma, akaikunja, akaenda kazini. Hakusema naye mpaka Pasaka. Dukani kuna wanaume waliomwambia usoni, "Umetuuza kwa baiskeli." Alifunga nyama yao, akawarudishia chenji, akasema asante. Mzee Maddern aliacha kuja bwawani. Alfajiri zile, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja, hatukusikia kikohozi chake, na ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko matusi.

Mama Zammit hakujua. Tulikubaliana, na mji mzima, hata wale wenye hasira, walilishika. Hakuna aliyemwambia. Mpaka leo nikiwaza jinsi tulivyokuwa watu wagumu, wenye midomo, nakumbuka hilo na kuwapenda tena wote.

Desemba ilifika. Fainali ya mita mia chali ya wanawake ilikuwa jioni, jua bado liko juu kama ilivyo Desemba. Kulikuwa na darasa. Nilimwambia tuahirishe, akaniuliza kwa nini. Kwa hiyo yeye alikuwa majini hadi kifuani na watoto kumi na wawili, na mimi nilikuwa kwenye kibanda cha tiketi, sikio kwenye redio. Nilipogeuka nilimwona Mzee Maddern amesimama mlangoni, fimbo mkononi, mwembamba kama shati lililoanikwa. Hakuniamkia. Tulisikiliza pamoja. Ilichukua muda mfupi sana. Unangoja miaka minne, na jambo lenyewe halifiki dakika moja na nusu.

Nilikwenda ukingoni. Gwenda hakuuliza. Alikuwa amemshika mtoto chini ya mabega, anamfundisha kuelea.

"Imekwisha," nilisema.

"Muda gani?"

Nilimtajia. Akatazama angani akihesabu, na midomo yake ikacheza kama ya Mama Zammit. Sikuweza kujua amepata jibu gani. Kisha Mzee Maddern akapita mbele yangu, akainama, akamchoma yule mtoto kiuno taratibu na fimbo.

"Inua," alisema. "Si kochi hilo."

Gwenda aligeuza uso upande wa bahari. Alipogeuka tena alikuwa mwalimu.

Mzee alikuja kila siku tangu hapo, akawasumbua watoto mpaka alipokufa mwaka wa 1961. Gwenda alifundisha miaka thelathini na minane. Mwaka wa 1958 aliolewa na Reg Hodge, mtoto wa mwenye duka, na harusini ililiwa nyama mpaka mbwa wakakataa. Halmashauri ilimpa mshahara mwishowe, kwani hakukuwa tena na cha kumnyang'anya. Baadaye sheria zenyewe zikabadilika, waogeleaji wote wakaanza kulipwa, wakaonekana hata kwenye matangazo ya maziwa. Gwenda aliwatazama kwenye televisheni akawakosoa viuno. Hakuwa na kinyongo, ila usimtajie jina la Fairweather wakati anakula.

Mwaka wa 2000, Olimpiki iliporudi nchini, mwenge ulipita Bellarong, na wakamwomba aubebe mita mia nne, kutoka posta mpaka ufukweni. Alikuwa na miaka sitini na tisa. Suruali nyeupe waliyomletea ilikuwa ndefu, nikaifupisha kwa pini, naye alilalamika pini zinamchoma. Ilikuwa mvua. Walimletea mwavuli, akasema, "Mimi na maji tunajuana," akaondoka.

Nilitembea pembeni yake kwenye umati. Barabara ilijaa pande zote mbili, na hawakuwa watoto. Walikuwa watu wazima, wenye vitambi, wenye mvi, wengine wamebeba wajukuu. Mgodi ulikuwa umeshafungwa, wengi walihamia miji mingine, na siku ile walirudi. Gwenda, mwenge juu, aliwatambua mmoja mmoja.

"Kidevu! Bado upo?"

"Nipo, mwalimu!"

"Acha Kunywa! Nasikia hujaacha!"

Watu walicheka mpaka wakalia. Mbele ya duka la viatu alisimama Carmena, mwanamke wa miaka hamsini na ushei, daktari wa watoto, ameshika kiti cha magurudumu. Ndani yake alikaa mama yake, mdogo kama ndege, nguo nyeusi mpaka shingoni. Gwenda alisimama. Hakutakiwa kusimama, kijana wa waandaaji alimfanyia ishara aendelee. Akainama, mvua inawanyeshea wote wawili.

"Mama Zammit. Unaniona?"

"Nakuona," alisema yule mama. "Leo naangalia."

Gwenda alimbusu, akanyooka, akaendelea na safari yake, na mimi nikabaki nyuma kidogo kwa sababu kulikuwa na mvua machoni mwangu. Nilimkuta chini, ameshaukabidhi mwenge kwa mwingine, anatafuta pa kukaa.

"Mzito ule," alisema akishika bega. "Nola, mwenzangu, nina njaa. Nenda kapange foleni ya samaki kabla hawa wote hawajateremka."